Maelezo kwa Mgonjwa wa Shinikizo la Damu: Je, Yanasomeka?

Shinikizo la juu la damu ni ugonjwa wa namna ya peke yake, kwa kuwa kwa kawaida haumwumizi mwenye nao. Malaria humtetemesha mtu, kichocho humwonyesha damu katika mkojo, jipu humnyima usingizi. Lakini mtu aweza kuishi na shinikizo la juu la damu kwa miaka mingi, akivua na kulima na kuhudhuria harusi za jamaa zake, pasipo kuhisi lolote, mpaka siku mshipa wa ubongo utakapopasuka au kuziba, naye akapooza upande mmoja. Mgonjwa wa malaria hutafuta dawa kwa sababu mwili wake unamwamuru. Mgonjwa wa shinikizo la damu hana kinachomwamuru ila maneno aliyoambiwa na wauguzi na karatasi aliyopewa aende nayo nyumbani. Kwa hiyo, katika ugonjwa huu, suala la lugha inayosomeka ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ukubwa wa jambo hili unajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanywa Ilala katika Jiji la Dar es Salaam na Shari katika Wilaya ya Hai, ulionyesha kwamba karibu watu wazima watatu katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu, mjini na kijijini pia. Miongoni mwao, waliojua kuwa wanao ugonjwa huo hawakufika asilimia 20. Waliosema kuwa wanatumia dawa walikuwa kama asilimia 10. Na wale ambao shinikizo lao lilikuwa limeteremshwa chini ya 140/90 hawakufika hata asilimia 1. Uchunguzi wa taifa zima wa mwaka 2012 ulikuta ugonjwa huo kwa kiasi cha asilimia 26 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tarakimu hizi zina sababu nyingi, zikiwamo upungufu wa vipimo, bei ya dawa na umbali wa zahanati. Hata hivyo, pengo kati ya wale waliopata dawa na wale ambao dawa iliwafaa haliwezi kuelezwa kwa bei na umbali peke yake.

Na afikiriwe mvuvi wa Mlingotini, mwenye umri wa miaka 56, aliyesoma hadi darasa la saba, ambaye amepimwa mjini Bagamoyo na kuambiwa kuwa ana shinikizo la damu. Mkononi ana kijikaratasi. Maelezo ya aina hiyo mara nyingi huandikwa kwa mtindo kama huu: “Shinikizo la damu ni hali sugu isiyoambukiza inayosababishwa na mambo mbalimbali ambayo endapo haitadhibitiwa huweza kuleta madhara katika viungo lengwa kama vile moyo, figo na ubongo.” Kwa mwalimu wa sekondari sentensi hii ni ya kawaida. Lakini ina maneno 26 bila kituo hata kimoja cha kupumzikia. Neno “ambayo” laweza kuwa la “hali” au la “mambo”, na msomaji hajui ni lipi mpaka afike kwenye “haitadhibitiwa”. “Viungo lengwa” ni msamiati wa kitabu cha tiba, na mvuvi huyo aweza kudhani kuwa kuna mtu aliyevilenga viungo vyake. Zaidi ya yote, sentensi nzima haimwambii afanye nini kesho asubuhi.

Tatizo la kupima ugumu wa maandishi halikuanzia Afrika ya Mashariki. Mwaka 1948 Rudolf Flesch, huko Marekani, alitoa kanuni ya kukadiria wepesi wa maandishi ya Kiingereza. Kanuni hiyo huanza na 206.835, hutolewa 1.015 mara wastani wa maneno katika sentensi moja, kisha hutolewa 84.6 mara wastani wa silabi katika neno moja. Jibu likikaribia 100 maandishi ni mepesi sana. Likikaribia sifuri ni mazito mno. Mwaka 1969 G. Harry McLaughlin alitoa kanuni nyingine inayohesabu maneno yenye silabi tatu au zaidi. Kanuni za jinsi hii hutumiwa hadi leo kupima maelezo ya wagonjwa katika nchi zinazosema Kiingereza, nazo zimewasaidia wengi. Hatari huja pale zinapochukuliwa kama zilivyo na kuwekwa juu ya Kiswahili.

Wanafunzi waweza kuihakikisha hatari hiyo kwa kalamu na karatasi. Ichukuliwe sentensi “Punguza chumvi kwenye chakula chako.” Hakuna mtoto wa darasa la tatu, kutoka Kunduchi hadi Saadani, asiyeielewa. Ina maneno matano na silabi 12, yaani wastani wa silabi 2.4 kwa neno. Kwa kanuni ya Flesch: 206.835 kutoa 5.075 kutoa 203.04. Jibu ni -1.28, chini ya sifuri. Sentensi ya jikoni imehukumiwa kuwa nzito kupita mkataba wa kununua meli! Sababu yake ni umbo la lugha. Kiswahili hukusanya mtenda, wakati, mtendwa na kitendo katika neno moja. “Asiyekunywa” ina silabi tano na ni neno la kila siku. Kwa kanuni ya McLaughlin, karibu kila kitenzi cha Kiswahili kitahesabiwa kuwa neno gumu.

Sasa ichukuliwe sentensi ya pili: “Ana presha ya chini.” Maneno manne, silabi saba, wastani wa 1.75. Kanuni ile ile yatoa takriban 55, yaani maandishi magumu kidogo tu. Kumbe hii ndiyo sentensi yenye mtego.

Shinikizo la damu hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni nguvu ya damu katika mishipa moyo unapojikaza na kusukuma. Ya pili ni nguvu inayobaki moyo unapolegea kati ya pigo moja na jingine. Katika 150/95 tarakimu ya kwanza huandikwa juu na ya pili chini, na wahudumu wengi huziita hivyo: ya juu na ya chini. Lakini Kiswahili hutumia maneno hayo hayo mawili kwa kiasi cha kitu. “Shinikizo la juu” laweza kuwa shinikizo lililozidi kipimo, au tarakimu iliyoandikwa juu. “La chini” laweza kuwa lililopungua, au tarakimu iliyoandikwa chini. Mgonjwa anapoambiwa “la chini ni 95, si zuri,” aweza kurudi nyumbani akiamini kuwa ana ile iitwayo mitaani presha ya kushuka. Wapo wanaoamini kwamba presha ya kushuka huondolewa kwa kula chumvi. Hivyo maneno ya kweli, yaliyosemwa na mtu mwenye ujuzi na nia njema, huishia kumwongezea mgonjwa chumvi katika mchuzi wake. Kuepuka mtego huu hakuhitaji fedha: yatosha kuziita tarakimu ya kwanza na ya pili, au kipimo cha moyo ukisukuma na kipimo cha moyo ukipumzika.

Jina la ugonjwa nalo lina mgogoro wake. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vina neno “kanieneo”, lililoundwa kwa ufundi kutokana na kani na eneo, na mwalimu wa fizikia ana haki ya kulipenda. Hospitali huandika “shinikizo”. Mitaani watu husema “presha”. Baadhi ya watetezi wa lugha sanifu hulikataa neno presha kwa kuwa ni la kigeni na la ovyo, na wanapoandika kijikaratasi hulifuta kila mahali. Hapo hukosea, maana mgonjwa asiyeliona neno analolijua katika mstari wa kwanza aweza kudhani kuwa karatasi hiyo ni ya mtu mwingine. Lakini wale wanaodhani kuwa kuandika “presha” kumemaliza kazi nao hukosea. Katika mazungumzo ya pwani, presha ni pia hofu na mashaka: mpira ukifika dakika ya 89 bila bao, mtazamaji husema presha imempanda. Neno hilo lina tabia ya kupanda na kushuka, ya kuja na kuondoka. Mwenye kulielewa hivyo atameza dawa siku ya huzuni na kuiacha siku ya furaha, na kwa mantiki ya neno lenyewe hajafanya kosa. Basi neno presha na liandikwe kwanza, kisha lielezwe papo hapo: kwamba presha ya ugonjwa haiondoki moyo unapotulia.

Kosa kubwa kuliko hilo limo katika vitenzi “kutibu” na “kupona”. Mtu aliyekulia katika nchi ya malaria amefundishwa na maisha kwamba dawa ina mwisho: humezwa, homa huondoka, mgonjwa hupona. Ndivyo alivyoambiwa siku zote amalize dozi. Anapopewa vidonge vya shinikizo la damu vya mwezi mmoja, huvimeza vyote kwa uaminifu, halafu husema amemaliza dozi. Kumlaumu mtu huyo kwa uzembe si haki, kwani ametii alichofundishwa. Vijikaratasi vingi huandika kwamba ugonjwa huu “hudhibitiwa”, neno ambalo wasomaji wengi wamelizoea katika habari za polisi na magendo. Lakini pwani ya Bagamoyo ina mfano tayari. Kila mvuvi anajua ngalawa inayovuja. Akikumba maji, chombo huelea na safari huendelea. Akiacha kukumba kwa kuwa sasa ndani ni pakavu, maji hurudi. Kukumba maji hakukuziba tundu. Mvuvi wa Mlingotini akielezwa kidonge kwa mfano huo, hahitaji neno “kudhibiti”.

Kuhusu chakula, maelezo mengi yaliyotafsiriwa humtahadharisha msomaji juu ya jibini, nyama ya kopo na supu za pakiti. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi kinachopungua kidogo kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Ushauri huo ni sahihi, lakini nani hupima gramu jikoni Kaole? Chumvi ya pwani imo katika ng’onda, katika papa mkavu, katika achari, na katika ile inayonyunyizwa tena mezani baada ya chakula kuiva. Kaskazini ya mji wa Bagamoyo, huko Nunge, bahari huingizwa katika mabwawa na kukaushwa kwa jua mpaka chumvi ibaki; watu wa hapo huijua chumvi kuliko mwandishi yeyote wa kijitabu. Kijikaratasi kinachowaandikia juu ya jibini kimewapa ruhusa, bila kukusudia, ya kuendelea na papa.

Wakati mwingine husemwa kwamba wananchi wa kawaida hawawezi kuelewa mambo mazito ya tiba, kwa hiyo kuwaandikia kwa uangalifu ni kupoteza muda. Bagamoyo yenyewe inakanusha dai hilo. Kati ya mwaka 2009 na 2014 mji huo ulikuwa mmojawapo wa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumiwe kwa watoto mwezi Oktoba 2021. Watoto 15,459 walishiriki katika vituo vyote kwa jumla. Kabla mtoto hajaingizwa, mzazi ilimpasa aelezwe utafiti huo ni wa nini na una hatari gani, kisha akubali kwa hiari yake. Mzazi asiyejua kusoma alitia alama ya kidole gumba mbele ya shahidi anayejua kusoma, asiye mmoja wa watafiti. Kanuni za maadili ya utafiti, ambazo chimbuko lake mojawapo ni Azimio la Helsinki la mwaka 1964, haziruhusu njia ya mkato hapo.

Tofauti iliyopo yapasa kutazamwa kwa makini. Mtu akiingia katika utafiti, sheria yataka aelewe. Mtu huyo huyo akiingia katika tiba itakayodumu maisha yake yote, hakuna alazimishwaye kuhakikisha kuwa ameelewa. Karatasi ikishachapwa na kugawiwa, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Kama uelewa ni wa lazima kwa chanjo inayojaribiwa, ni vigumu kuona kwa nini uwe wa hiari kwa kidonge kinachomezwa kwa miaka 20.

Wala si kweli kwamba Tanzania haina uzoefu wa kuandika hivyo. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya “Mtu ni Afya” kwa majuma 12. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi karibu 75,000, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasomewa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wale waliokuwa wametoka kujifunza kusoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Vyoo vilivyochimbwa vilikuwa mamia ya maelfu. Kilicho muhimu hapa ni kwamba maandishi yale yalisomwa kwa sauti. Kiongozi wa kikundi alisoma, wengine wakasikia, na palipokuwa pagumu swali liliulizwa pale pale. Sentensi isiyoweza kutamkwa kwa pumzi moja ilijifichua yenyewe.

Hali hiyo haijapita. Shinikizo la damu huwapata zaidi watu waliokwisha kuvuka miaka 40, umri ambao macho huanza kushindwa herufi ndogo zilizo karibu, na miwani haipatikani kwa kila mtu. Kwa kawaida kijikaratasi kinachofika nyumbani husomwa na mjukuu aliye kidato cha pili. Bibi husikiliza. Kwa hiyo karatasi hiyo ina watu wawili wa kuwatumikia: anayesoma na anayesikia, na wa pili, ambaye ndiye mgonjwa, hawezi kurudisha jicho kwenye mstari uliompita. Mwandishi akilikumbuka sikio la bibi, sentensi zitafupika zenyewe.

Jambo hilo lawafanya wanafunzi wa sekondari kuwa wapimaji wazuri wa maandishi haya. Mwaka 1953 Wilson Taylor alibuni kipimo kisichohesabu silabi: katika habari ndefu kidogo, kila neno la tano hufutwa na kuachiwa nafasi, na msomaji hujaza. Anayejaza sawasawa zaidi ya asilimia 60 huhesabiwa kuwa anaweza kusoma habari hiyo peke yake; anayepungua 40 habari hiyo imemshinda. Kipimo hiki chafaa lugha yoyote, ila kwa Kiswahili chahitaji hadhari moja. Upatanisho wa ngeli humsaidia mjazaji hata pale asipoelewa kitu. Katika “shinikizo ___ damu” kila mtu ataandika “la”, hata kama shinikizo kwake ni neno tupu. Afadhali basi yafutwe majina na vitenzi, na viunganishi viachwe. Baada ya hapo mtu mzima asomewe karatasi nzima mara moja, kisha aulizwe maswali matatu: Una ugonjwa gani? Utafanya nini kesho? Utaacha dawa lini? Jibu la swali la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote.

Atakayefanya kazi hiyo ajiandae kukutana na mambo asiyoyatarajia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba wakazi wengi wa Dar es Salaam waliohojiwa walikihusisha kiharusi na mashetani na uchawi, hali watu wa vijijini Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, mafuta na mawazo. Aliyedhani kuwa mji umekwisha kuelimika na kijiji ndicho kinachongoja ana la kufikiri. Karatasi isiyotaja kabisa kuwa kiharusi hutokana na presha humwacha msikilizaji na maelezo aliyokuwa nayo kabla. Pia hakuna sababu ya kudhani kuwa maneno yaliyoeleweka Bagamoyo mjini yataeleweka vivyo hivyo kwa mzee Mkwere wa bara kidogo, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili.

Ingefaa wanafunzi waanze na maandishi mafupi. Mfano mmoja waweza kuwa huu: “Una ugonjwa wa presha. Damu inasukuma mishipa yako kwa nguvu kupita kiasi. Hutasikia maumivu, lakini mishipa inaharibika. Meza kidonge kimoja kila siku asubuhi, hata siku unayojisikia mzima. Kabla vidonge havijaisha, rudi uchukue vingine. Ukiacha, presha itapanda tena, nawe waweza kupooza.” Sentensi hizi nazo hazijapimwa. Zisomwe kwa wazee kumi, na ile ambayo watatu kati yao watairudisha vibaya iandikwe upya.